Mlevi wa Baba na Bidoni Moja ya Bugarama

Sisi tuliokulia mtaa wa Buyenzi kabla ya simu kuingia mifukoni, gari tulilijua kwa kiu yake. Ukisikia mlio tu, unajua: hii inakunywa kidogo, hii wastani, na ile, jamani, ile ni ya baba Zuhura! Zuhura ndiye mimi. Kamyoneti ya Baba, pikapu ya mizigo, ilikuwa na injini ya silinda sita, na mtaa mzima waliiita Mlevi. Ikiwashwa asubuhi madirisha yanatetemeka, nasi tunaacha chai na mandazi, mbio nje kunusa ile harufu ya esanse, petroli yenyewe. Tamu hiyo! Watoto wa leo wananusa nini, chaja?

Mshale wa mafuta ulikufa zamani, basi tulipima kwa kijiti: unakitumbukiza kwenye tangi, unakitoa, unasoma palipolowa. Tangi likivuja, Baba anapaka sabuni ya mche na safari inaendelea. Kijiti kilikuwa kazi yangu, na nilijivunia kazi hiyo kuliko hata kupasi mtihani.

Aliyechoka ni Mama. Baba alikuwa akileta kabichi na viazi kutoka Bugarama, kule juu milimani, na karibu kila alichopata kilirudi ndani ya tangi. Sisi ugali na vidagaa vya ndagala, Mlevi anakunywa. Kuna mtu wa mtaa wa Mutanga Nord alishakuja mara mbili kuitazama, anataka kuinunua aivunjevunje auze vipuri. Siku moja Mama akasema mbele yetu sote:

"Baba Zuhura, mi nimechoka. Bidoni moja tu ya esanse. Ikienda Bugarama na kurudi mpaka hapa mulangoni kwa bidoni moja, ibaki. Ikishindwa, yule mutu aichukue."

Baba akakubali pale pale. Yarabi! Mlevi kuvunjwavunjwa! Nilienda kulia nyuma ya nyumba.

Basi Baba na jirani yetu, fundi Shabani, wakafanya ule ujanja wa Buyenzi ambao wenzangu mnaujua. Walifungua kabureta, wakakiziba kidogo kile kijitundu kinachopitisha esanse, ili injini inywe kwa kunyimwa. "Sasa itakunywa kama pikipiki," fundi akasema, anajifuta mikono, kifua mbele.

Jumamosi tukamimina kwenye tangi tupu bidoni yetu, dumu la lita ishirini, Mama anatazama. Baba akashika usukani, Mama akakaa pembeni yake kuwa jaji, mimi na wadogo zangu wawili nyuma. Weee! Hata mlima wa kwanza hatujaumaliza, Mlevi akaanza kukohoa. Nguvu hakuna! Kwa kunyimwa kule, akapanda njia nzima kwa gia ya kwanza, anaunguruma, na kumbe anakunywa zaidi ya zamani. Kila kona kali Baba anapiga kelele, "Shukeni!" Tunaruka chini, tunasukuma, tunacheka mpaka mbavu zinauma, wenye baiskeli wanatuzomea. Vijana wa siku hizi ukiwaambia washuke wasukume, kwanza watapiga picha.

Bugarama baridi kali, mahindi ya kuchoma mkononi, kabichi zinapakiwa. Nikatumbukiza kijiti. Kilikuwa kimelowa nchani tu. Nikamwonyesha Baba, akatuambia tupande.

Kisha akasema "Bismillahi", akaachia breki ya mkono, na injini hakuiwasha! Tulishuka mlima ule na mzigo wa kabichi, injini imezimwa. Hakuna mlio, ni upepo tu, masikio yanaziba, ziwa linang'aa kule chini kabisa. Baba amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mama anasoma kila dua anayoijua, kwa sauti. Sisi nyuma tumekumbatia kabichi, tunapiga mayowe ya raha. Ulikuwa wazimu, na mwanangu akithubutu nitamchapa, lakini wallahi sijawahi kufurahi vile tena. Mara nikasikia sauti ya Mama imebadilika. Anacheka! Mama yangu, aliyekuwa na miezi hajacheka, anapiga dashibodi kwa kiganja: "Achia, baba Zuhura, achia!"

Kwenye tambarare Baba akawasha injini. Tukaingia mjini, tukaingia Buyenzi, nimeshaanza kushangilia. Avenyu mbili kabla ya kwetu, Mlevi akapiga chafya, akazima. Tangi kavu.

Baba akaegemea usukani. "Basi, mama Zuhura. Umeshinda. Nitamuita yule mutu."

Mama akashuka. Akavua viatu, akafunga kitenge chake vizuri, akazunguka nyuma, akaweka mikono yote miwili kwenye bodi.

"Mi nilisema ifike mulangoni," akasema. "Na itafika. We Zuhura, unangoja nini? Sukuma!"

Acheni! Tulisukuma, majirani wakatoka, mafundi wakaacha spana, Buyenzi nzima ikasukuma Mlevi mpaka mlangoni kwetu, kabichi zinadondoka njiani na hakuna anayeziokota. Kijitundu kikazibuliwa, na Mlevi akaishi nasi miaka mingi, anakunywa, Mama ananung'unika. Kuuza hakutaja tena.

Leo esanse ni ya kutafuta kwa tochi. Unapanga foleni toka alfajiri, kila mmoja amejifungia na simu yake, hata salamu hamna. Mimi nina kigari kidogo, kimya, hakiombi kitu. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama yupo, macho yamepungua ila ulimi haujapungua. Juzi nilitoka Bugarama, nikaenda kwake mbio kujisifu.

"Mama, lita tano tu! Kwenda na kurudi!"

"Mashallah," akasema. "Na ulienda na nani?"

Nilikuwa nimeenda peke yangu.