Mgomba wa Mtu wa Sita

Harufu ya mgomba uliokatwa, ile ya utomvu na maji baridi, hunirudisha uani kwetu Mtoni, Dar es Salaam, masika niliyokuwa na miaka kumi. Baba alikuwa karani, mama mwalimu, nami mtoto wao pekee. Likizo ile nilishinda na babu, aliyeletwa kutoka milimani kutibiwa macho. Majirani walipomwamkia aliitikia kwa Kiswahili chake cha kupimapima. Siku baba alipomwomba aondoe mgomba mmoja uliozuia maji, babu hakuuacha uanguke. Aliudaka kwa kifua, akaulaza taratibu, akaufunika kwa majani yake. Jirani yetu Mama Zuhura alichungulia juu ya uzio wa mabati, akacheka kwamba mzee wa bara anazika ndizi. Babu hakucheka. "Nilishazika mmoja," aliniambia, "ukaletwa huku kwenu mjini."

Alinisimulia tukichambua mchele. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, yeye akiwa kijana, ndege ya mabomu ya Waingereza ilipotea kwenye ukungu ikagonga mlima juu ya kijiji chao. Habari kutoka bomani zilisema ndani walikuwamo watu sita. Wanakijiji walipata maiti tano tu. Kwao, mtu asiyeonekana hukatiwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa shuka, ukatiwa sandukuni na kuzikwa kwa heshima zote, nao wakafanya hivyo. Hakuna aliyewaeleza Wazungu. Vita vilipokwisha wakaja watu wa serikali, wakahesabu makaburi sita, wakafukua masanduku sita bila kufungua hata moja, wakayapeleka kwenye makaburi ya askari Dar es Salaam.

Kiangazi kilichofuata, babu akitafuta kuni bondeni, alikuta mifupa na buti moja. Alimzika mtu yule palepale, peke yake, akaogopa kusema, maana ingebidi aieleze serikali kwamba ilibeba mgomba. Lakini kwao marehemu huitwa kwa jina kaburini; asiyeitwa hubaki kama mgeni asiyefunguliwa mlango. "Kila mwaka nakwenda," alisema, "nasimama tu. Jina lake silijui." Wala hakujua kusoma. Mimi nilijua.

Jumamosi moja tulikwenda kwenye makaburi yale ya askari, upande wa Kinondoni, nikiwa na daftari langu la shule. Mawe yalikuwa meupe, yamepangwa kama wanafunzi mstarini. Mlinzi alimpa babu shikamoo, akamuuliza kama ana ndugu humu.

"Ninaye mmoja," babu alisema. "Sijui ni yupi."

"Basi chagua, mzee. Hawa hawagombani."

Nilitafuta mawe yaliyochorwa mabawa, nikayapata sita pamoja, yenye tarehe moja ya kufa. Babu akauliza lipi ni la mgomba, maana ndilo lenye jina la mtu wake wa bondeni. Mawe yote yalifanana. Alikaa kwenye nyasi zenye umande muda mrefu, nikaamini tumeshindwa. Kisha akasema, "Nisomee wote." Nikasoma, naye akarudia, akiyakunja majina kwa ulimi wa kwao, Harisi, Moga, Betsi, mpaka jua likawa kali na yote sita yakamkaa kichwani.

Macho yalipopata nafuu alirudi milimani. Barua yake, aliyoandikiwa na katekista, ilisema ameteremka bondeni na kuita majina yote sita. "Mwenye lake ataitika," ilimalizia.

Babu alikwisha fariki, na kwetu hajabaki anayeijua njia ya lile bonde. Siku hizi naishi Chanika, kwenye nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Watoto wa jirani huiuliza simu jambo lolote, wakajibiwa kabla sijamaliza kukohoa. Sisi kwa majina sita tulitumia asubuhi nzima, wawili, na daftari lile silijui lilikoishia. Juzi mvua iliinamisha mgomba mmoja juu ya paa la jiko, nikalazimika kuukata. Niliudaka kwa kifua, nikaulaza taratibu, na pale ile harufu iliponipata nikaanza kuyaita. Majina matano yalikuja yenyewe. La sita nililisubiri, nimesimama na panga mkononi, na sikuwa na wa kumuuliza.