Ving'ora vya Njia ya Emali

Majina ya watu wa habari hii ninayo yote, mpaka jina la mbuzi aliyetupotea sokoni Emali, lakini sitayaandika. Wengine wamelala makaburini, wengine wajukuu wao wanaimba kanisani pamoja na wangu, na jambo lenyewe lilikuwa la kufichwa. Shule niliiacha darasa la pili. Mkiona mkono umeteleza, pitieni juu tu.

Nilizaliwa Kalamba nikaolewa mbali, upande wa Tseikuru, kwa watu wa mifugo. Mume wangu alifanya kazi karibu na Emali, kwenye kware, pale walipopasua mwamba kupata kokoto za barabara. Akija nyumbani likizo, na mimi nikiwa na hamu ya mamangu, tulisafiri pamoja akirudi kazini. Lori la mbuzi mpaka Kitui, halafu basi, halafu basi lingine. Ilikuwa safari ya vumbi jekundu na usingizi. Unalala mlima ukiwa kushoto, unaamka uko kulia, hujui kama ni wewe umezunguka au ni mlima.

Katika safari hizo tulikuwa na mchezo wetu, kutafuta ving'ora, nani atakitambua kwanza. Sisi tuliviita saireni. Vilikuwa vichache wakati huo na kila kimoja kilikuwa na tabia yake kama mtu. Cha kinu cha pamba kilikuwa cha mvuke, kilianza ghafla kama mtoto aliyekanyagwa na punda. Cha shamba la makonge kilikaa juu ya mlingoti, mviringo, na kofia kama sufuria iliyofunikwa. Hicho kilikuwa cha umeme, kilipanda mara moja kikabaki huko juu. Mimi nilipenda vile vya kuzungusha kwa mkono. Vilianzia chini kabisa, kama ng'ombe anayemwita ndama wake kutoka ng'ambo ya mto, vikapanda polepole mpaka na moyo wako unapanda. Cha kware yao kilikuwa cha aina hiyo. Kikilia, kila mtu aliacha nyundo akakimbilia nyuma ya ukuta wa magunia ya mchanga, kwa sababu baada yake ilikuja baruti, na mwamba uliruka vipande vipande kila mahali.

Ni yeye aliyenifundisha kuvitambua. Alikuwa anasikia kabla ya kuona. Basi lingali nyuma ya kilima, mimi nimesinzia begani kwake, ananigusa.

"Msichana wa Kalamba, umelala? Hicho ni cha mvuke. Kimechoka, wametia kuni mbichi."

Na kweli, tukipita kilima, mvuke ule, mwembamba kama wa chai.

Aliyeshindwa ndiye aliyebeba kyondo changu, kikapu cha kamba, tukishuka. Siku moja nilimshinda, akakibeba vile tunavyobeba sisi wanawake, kamba kwenye paji la uso. Wanaume wa stendi wakapiga kelele.

"Bwana harusi! Na maji utachota?"

"Nitachota," akawajibu, "nikawasalimie bibi zenu huko kisimani."

Miaka ikaenda, watoto wakaingia shule. Sijui mchezo uligeuka lini. Alianza kushinda kwa macho. Nikisema, "Nimesikia cha makonge," ananiambia, "Unaota, mama watoto, mimi sioni kitu." Tukifika, kiko pale kwenye mlingoti, na yeye anakionyesha kwa kidole kama amekigundua mwenyewe. Nilidhani ni maringo ya mwanamume. Tena barabara ile ilikuwa inachanganya mambo. Uliyoyasikia ukilala na uliyoyasikia ukiwa macho yalifanana, kama mapacha waliovishwa nguo moja.

Halafu tukafika Emali mchana mmoja, tukakaa kwenye benchi la mama muuza chai, ukuta wa ghala ukiwa nyuma yetu. Kule nyuma ya ukuta king'ora kikaanza. Cha mkono. Nilikisikia kikitoka chini, kikipanda, mpaka vikombe vikatetemeka. Mbuzi wakatawanyika. Mama wa chai akaruka akamwaga maziwa. Mume wangu alikuwa anapuliza chai yake. Alipuliza taratibu, akiangalia povu likienda upande mmoja, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliye peke yake mtoni.

Kisha akaona mbuzi. Akaona nilivyomtazama. Akainuka nusu, akasema, "Hicho ni cha umeme."

Aina ya king'ora hakuwahi kuikosea hata siku moja. Nikaweka kikombe chini.

Nikamsogelea. "Baba yao, tangu lini?"

Hakuuliza ni nini. "Wewe nakusikia ukiwa karibu," alisema. "Sauti za mbali ndizo zimeondoka. Zilienda moja moja, kama ndege wakitoka mtini. Nilidhani zitarudi."

"Na kule kware?"

"Nikiona wenzangu wanakimbia, nakimbia."

"Na ukiwa umewapa mgongo?"

Akanywa. "Nikiacha kazi, watoto watakula mawe? Mawe ninayo mengi." Akacheka, mimi sikucheka. "Na usimwambie nyapara. Mtu asiyesikia hawamwachi pale hata asubuhi moja."

Basi la Kalamba lilikuja likapiga honi. Nilikuwa nimeshika kyondo mkononi, na mamangu ananingoja, lakini miguu ilikataa. Akilini niliona mgongo wake, ule tu, umeinama juu ya jiwe, na watu wote wamekwisha kukimbia. Basi likaondoka na vumbi lake.

Nilienda naye kware. Nilimwambia nyapara nataka kupikia watu muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na maharagwe, na kwa sababu baruti ililipuliwa saa za chakula, akaona ni sawa. Akanionyesha mahali pa jiko, nyuma ya ukuta wa magunia. Mimi nikasema nina desturi yangu. Chakula kikiwa tayari, nitapanda rundo la kokoto lililo hapo kando na kupunga leso, ili watu wajue. Akanitazama. "Mama, king'ora si kinawaambia?"

"Kinawaambia wakimbie," nikasema. "Hakiwaambii wale."

Siku ya kwanza nilipopanda na leso yangu, walinicheka sana. "Huyu anapungia ndege!" "Mama, shuka, mume wako hajapotea!" Mume wangu alikuwa chini shimoni, amenipa mgongo, lakini kila baada ya mapigo machache aligeuza kichwa. Jua lilikuwa limeyafanya mawe yote meupe, na watu ndani yake walionekana kama wanaelea.

King'ora kikaanza chini kwa chini. Nikainua leso kwa mikono miwili.

Akageuka, akaona, akaweka nyundo, akaanza kutembea. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Lakini mikono sikuishusha, kwa sababu niliona jambo lingine. Wengi walikuwa wamekwisha kimbia kwa sauti ile. Waliobaki, mmoja hapa, mwingine kule, wazee wa kazi waliopasua mwamba tangu ujana, waliinua vichwa kwanza, wakatafuta ile leso hewani, ndipo wakatupa nyundo. Mmoja wao ndiye aliyepiga kelele kwamba napungia ndege.

Nilishuka mbio nikajibanza nao ukutani. Mwamba ukaruka, vumbi likatufunika sote tukawa rangi moja. Nilipakua muthokoi, nao wakala wakitazama sahani.

Mwishowe yule wa kelele za ndege alikuja na sahani yake tupu. Alikuwa mzee kuliko wote.

"Mwaitu," aliniita, vile Mkamba anavyomwita mamake mzazi, akasogea karibu ili asisikike na wengine. "Kesho tafuta leso nyekundu. Hii ya bluu inaingia mawinguni, na sisi wengine tunaipoteza."