Kadi ya Anastazia kwenye Bafu la Warusi

Anastazia Bonaventura aliugua polio akiwa na miaka minne, na mguu wake wa kushoto ukabaki mwembamba kama mpini wa jembe. Alipotimiza tisa, baba yake alimpeleka kwenye kituo cha mapumziko na tiba ambacho Warusi walikijenga penye chemchemi ya maji moto, mwendo wa nusu siku kutoka kijijini kwao, Mgori. Watu walipaita Bafu la Warusi. Miezi mitano alishinda majini, akikandwa mguu na daktari mmoja, mama mnene, mpaka siku moja akalivuka bwawa bila kushikwa mkono.

Kisha baba akaja kumchukua.

"Wanafunga," alimwambia njiani, amembeba mgongoni. "Wazungu wametutupa."

Anastazia aliamini. Kwa miaka arobaini na sita, kila alipoanguka na ndoo, aliwalaani Warusi. Wachumba wawili walikuja, wakamwona akitembea, wakaaga. Akajifunza cherehani, akabaki nyumbani, akamlea mdogo wake Calist. Mama alipofariki, akamtunza baba.

Mwaka jana ikatangazwa kijijini kuwa jengo lile litabomolewa. Anastazia akakodi bodaboda akalione mara ya mwisho. Mabati yalishang'olewa. Bwawa lilijaa mchanga na mavi ya mbuzi. Kwenye chumba cha manesi kabati la chuma lilikuwa limelala kifudifudi. Dereva akamsaidia kuligeuza. Ndani mlikuwa na kadi za wagonjwa, mchwa wamezila pembeni. Alipekua mpaka akaiona yake.

Nesi alikuwa ameandika: "Anaendelea vizuri sana. Akipata miezi sita zaidi atatembea bila gongo. Mzazi amekataa, amemwondoa mtoto." Chini palikuwa na alama ya dole gumba la baba. Tarehe kwenye kadi za wenzake ziliendelea miaka mitatu mbele.

"Vipi, mama?" dereva aliuliza.

"Nirudishe nyumbani."

Mzee Bonaventura alikuwa uani akiota jua. Hajui kusoma. Anastazia hakumwamkia, alisimama mbele yake, akamsomea kadi yote.

"Mama yako alikuwa amejifungua Calist," mzee alisema. "Mimi nilikuwa shamba. Nani angembeba mtoto?"

"Miezi sita tu, baba!"

"Nilijua wewe utabaki hapa hapa. Kwa mguu ule, nani angekuoa?"

"Ungeniambia, basi. Nimelaani watu wasio na kosa."

"Ungenichukia."

Jioni ile alimpikia ugali na mlenda kama kawaida, akamtengea, akaenda kula peke yake jikoni. Asubuhi alimpigia Calist, anayeishi Mandewa, aje na gari.

"Dada, kuna nini?" Calist aliuliza alipofika. Akapewa kadi. Aliisoma mara mbili, akashindwa kumtazama usoni.

"Mchukue," Anastazia alisema. "Nimemaliza."

Mzee aliondoka na blanketi lake na kiti cha kamba. Anastazia anaendelea kushona nyumbani. Calist akipiga simu, Anastazia humuuliza kama baba anakula, analala. Akisikia simu inapelekwa kwa mzee, hukata.