Siku Biasha Alipozuia Maji

Watu wa Gazi wakitaja mikono ya Biasha, huitaja kwa heshima. Ni mikono mipana, ya moto daima, na tangu nimjue haijui kukaa bure. Biasha ni mkandaji. Mwanamke akijifungua hapa kwetu, yeye ndiye huitwa: huchemsha maji kwa majani ya mkwaju na mwarobaini, humkanda mzazi kiuno na mgongo, humpaka mafuta ya nazi, kisha humfunga mkaja ili tumbo lirudi. Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake, na mumewe alipofariki ndiyo iliyowalea wanawe. Mimi ni jirani yake, ua wetu ni mmoja, kwa hivyo msinidhanie nasimulia ya kusikia.

Kulikuwa na kazi nyingine isiyosemwa. Mke aliyepigwa alikuja kwa Biasha kwa mlango wa uani. Biasha hakuuliza kitu. Alimkanda kwa maji moto na chumvi, siku baada ya siku, mpaka uvimbe ukashuka na uso ukawa safi, na mwanamke akaenda arusini akacheza na wenziwe. Baadhi ya waume walimletea samaki kwa kumshukuru. Changu wazima wazima! Wallahi wanaume wengine hawana haya.

Mwaka jana shirika moja lilikuja kutafuta wanawake wanaoaminika vijijini, wafundishwe namna ya kumsaidia mwenzao aliyedhulumiwa nyumbani. Biasha alichaguliwa. Mimi nilijipachika, maana nilisikia kuna pilau. Mafunzo yalifanywa Msambweni, na mwalimu wetu alikuwa Eunice, mtu wa bara, Kiswahili chake cha mbio mbio lakini moyo wake mzuri. Kwanza alitufundisha kusikiliza. Nyinyi mwacheka, hebu jaribuni! Tulikaa wawili wawili, mmoja asimulie, mwingine asimkate maneno, asimpe amri, wala asimguse bila kumwomba ruhusa. Mimi nilishindwa mara ile ile. Biasha aliweza kunyamaza, ila mikono yake ilimkimbia. Kila ukitazama, iko begani kwa mwenziwe. Eunice akamwambia, "Mama, ikalie." Akaikalia kweli, ukumbi mzima tukacheka.

Siku ya pili hatukucheka. Eunice alisema: "Mwanamke aliyeingiliwa kwa nguvu akija kwako, usikimbilie kumwosha. Usimbadilishe nguo. Mweleze faida ya kwenda hospitali vile alivyo, kisha aamue yeye, si wewe."

Biasha akasimama. Mtu ambaye hata kwenye vikao vya harusi huwezi kumtoa neno!

"Aje kwangu na uchafu wa mwanamume mwovu," alisema, "maji yako jikoni, nami nimtazame tu? Huo ni uungwana gani, mwanangu?"

Eunice hakubishana naye. Alieleza pole pole kwamba daktari hutafuta alama, na alama hizo ndizo husema pale mwanamume atakapokana. Maji huziondoa. Akasema na majeraha ya kipigo ni vivyo hivyo, yafaa yaonwe na daktari kabla hayajapoa. Biasha akakaa. Nikamsikia akisema, si kwa Eunice, kwa nafsi yake: "Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiwafulia waume uchafu wao."

Hakula pilau siku hiyo. Tulipofika Gazi alipitia kwa Maalim Twahir, akamuuliza habari ya sala ya mwanamke kama huyo, aliyecheleweshwa kuoga. Maalim akamjibu kwamba Mungu anamjua aliyeonewa. Akishatibiwa ataoga, na sala yake ataikidhi. Biasha akarudi nyumbani akalala na nguo zake za safari, na kesho yake hakwenda kumkanda mtu. Nilimhurumia sana. Ni uchungu kuambiwa kwamba wema wako ulimfaa mwingine.

Mtihani wenyewe ulikuja baada ya Idi, asubuhi, jua limeshapanda. Biasha alikuwa ameteleka sufuria ya maji kwa ajili ya mzazi wa nyumba ya pili, nami nilikuwa ninakuna nazi. Akaingia Bushra, binti wa Mwanasiti. Kina Mwanasiti wanakaa nyuma ya madrasa. Bushra alikuwa ameolewa na Chande, fundi wa mashine za boti, na Chande alimpiga mpaka mwishowe akampa talaka. Eda ilikwisha zamani. Msichana alikuwa ameanza kuuza viazi karai, ameanza kunawiri, ameanza hata kunitania mimi na magoti yangu.

Asubuhi ile leso yake ilikuwa imeraruka na mdomo umefura. Alisema mamake alikuwa ametoka alfajiri kwenda Ukunda, na Chande alivizia hapo hapo, akaingia. Bushra hakusema zaidi, wala hatukumuuliza.

"Nioshe, Mama Biasha," alisema. "Nakuomba nioshe. Bado namsikia mwilini."

Niliiona mikono ya Biasha ikienda. Niliiona ikisimama njiani.

"Maji haya hapa," Biasha alimwambia. "Ukitaka kuoga sasa hivi nitakuosha, sitakukatalia. Lakini niruhusu nikueleze kwanza."

Bushra alimtazama kana kwamba amemfungia mlango. "Hata wewe waniona najisi? Hutaki kunigusa?"

Biasha alilia. Simfichi, alilia machozi yakadondoka kidevuni, na mikono ameikumbatia kifuani mwake. "Hakuna ninalolitaka duniani saa hii kama kukugusa," alisema. Kisha akamweleza. Kwamba maji yataondoa kile ambacho daktari angekiona. Kwamba Chande atasema alimrejea mkewe kwa ridhaa yake, na watu watapenda kumwamini kwa sababu ni rahisi. Kwamba hospitali kuna dawa za kumkinga na maradhi, na hizo hazitaki kucheleweshwa, aoge asioge. "Na ukisema hapana, ni hapana. Mimi nitabaki kuwa Biasha wako."

Mimi nilikuwa nimeshachemka kuliko ile sufuria. Nilifungua mdomo niseme twende, twende sasa hivi, tumwonyeshe yule mwanaharamu! Biasha alinigeukia mara moja tu. Nikaufunga mdomo, nikabaki na mbuzi yangu ya nazi.

Bushra akauliza, "Daktari ni mwanamke?"

"Sijui," Biasha alisema. "Tutaomba."

Angeweza kumdanganya. Mimi ningemdanganya. Bushra aliyatazama yale maji yakitoa moshi, akayatazama muda mrefu, mpaka nikadhani ameshachagua kuoga.

"Basi twendeni," alisema, "kabla sijageuza nia."

Biasha alimwomba ruhusa ya kumshika mkono. Akapewa.

Tulipanda tuktuk mpaka hospitali ya Msambweni, mimi nimebeba nguo safi kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye benchi ya kungojea watu walitutazama, na mama mmoja akasogea akiziba pua kwa ukaya wake. Nilimtupia jicho ambalo natumai atalikumbuka. Bushra aliinamisha uso begani kwa Biasha. Alhamdulillahi, daktari alikuwa mwanamke. Akamwingiza ndani na Biasha, nami nikabaki na mfuko wangu. Baadaye askari wa kike alikuja kuchukua maneno yake. Yote hayo yalikula asubuhi nzima.

Mwishowe muuguzi akasema sasa aweza kuoga, akatuonyesha bafu mwisho wa ukumbi. Biasha alikuwa ameshakunja mikono ya dera mpaka kwenye kisugudi.

"La, mama," Bushra alimwambia kwa upole. "Nitajiosha mwenyewe. Wewe nishikie mlango."

Biasha aliishusha mikono ya dera. Akausimamia mlango, mgongo kwenye mbao, akisikiliza maji yakimwagika. Ndipo akatokea Mwanasiti, anahema, na nyuma yake Mzee Mwinyihaji, ami yake Chande, na kofia yake ya viua. Gazi hakuna siri.

"Biasha! Umemtembeza mwanangu hivyo hivyo mbele ya watu?" Mwanasiti alisema. "Wewe uliyenikanda mimi nilipomzaa?"

Mzee Mwinyihaji akakohoa. "Kijana alikuja kumrejea mkewe. Haya ni mambo ya nyumbani, bibi. Mtoto atoke, twende tukayamalize."

"Shikamoo, mzee," Biasha alisema. "Eda ilikwisha, nawe wajua. Hana mke pale."

"Fungua mlango."

"Mtoto anaoga."

Maji yakakatika ndani. "Mama Biasha, ni nani?"

"Ni mama yako, na ami yake Chande," Biasha alijibu bila kugeuka. "Nifungue?"

Mwanasiti aliweka kiganja chake kwenye mbao za mlango.

"Mama peke yake," Bushra alisema.

Biasha alifungua mlango nusu. Mwanasiti alipita ubavu ubavu, bado ana maneno mdomoni, bado anasema ni aibu gani hii. Kisha akauona mgongo wa mwanawe ulivyovilia damu. Kilio alichotoa sitaki kukisikia tena maishani mwangu.

Mzee Mwinyihaji alipiga hatua mbele. Biasha alikuwa ameshaufunga mlango na kuurudishia mgongo wake.