Bunduki ya Koplo Tumpe na Saini Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bunduki na kuambiwa nisiiguse. Ndiyo, nisiiguse! Mkuu wa Ghala la Silaha kule Dodoma, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, aliilaza mezani akasema, "Itazame nusu saa. Halafu uniambie ina kasoro gani."

Niliitazama mpaka macho yakauma. Nikasema, "Haina kasoro, afande."

Akacheka mpaka akashika meza. "Basi wewe bado. Kila bunduki inayotoka kiwandani ina kasoro, maana kiwanda hakimjui atakayeishika!"

Jamani, nilisisimka! Nilikuja nikidhani ufundi silaha ni kufuta kutu na kupaka mafuta, kumbe ni kama ushonaji: nguo ya dukani unamshonea mtu upya imkae. Chini ya mzee yule nilijifunza bunduki ya shabaha, ile ya bolti, yaani chuma chenye mkono unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele kwa kila risasi moja. Haina papara. Mlengaji anafyatua, anapumua, anavuta bolti, anaanza upya. Nilikaa huko miaka mingi, nikapita Mbeya kidogo, kisha nikaletwa nyumbani Tukuyu. Nilifurahi hadi nikamkumbatia karani aliyeniletea barua ya uhamisho.

Tukuyu mnaijua wenyewe. Mvua, ukungu, tena mvua. Mimi nilikuwa nimezoea jua la Dodoma, kwa hiyo karakana yangu haikukosa jiko la mkaa, mlango wazi, nikikaa nalo karibu kama bibi harusi. Risasi zilikaa jengo jingine kabisa, msianze kunisema! Humo ndani kulikuwa kukavu na joto zuri, mkono haukutetemeka nikishika patasi.

Sasa, kikosini alikuwepo Koplo Tumpe, binti wa kijijini Matwebe, mwembamba, mikono mifupi, jicho la mwewe. Ilipokuja bunduki mpya ya shabaha kutoka kiwandani, inang'aa, Afisa Michezo alimpa yeye. Mashindano ya kanda yalikuwa karibu, nafasi nne tu, na Tumpe alikuwa akiiota moja tangu ajiunge. Asubuhi ya kwanza uwanjani risasi zake zikatawanyika kwenye karatasi kama mahindi yaliyomwagika. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mbaya zaidi.

Afisa Michezo, mtu mkavu asiyependa maneno mengi, akaniletea bunduki ile karakanani. "Fundi, nataka jibu moja. Ni chuma au ni mkono?"

Nikaichunguza siku nzima, tena kwa mbwembwe! Nikachungulia ndani ya mtutu, safi kama kioo. Nikavuta bolti, inateleza vizuri. Nikapima triga, nikakaza skrubu zote. Kisha nikafanya jaribio la karatasi. Mtutu wa bunduki ya shabaha hautakiwi kuguswa na mti unaoubeba, kwa sababu mtutu hutikisika risasi inapotoka, na ukiegemea mti, kila risasi inakwenda kwake. Basi unachukua karatasi ya daftari, unaipitisha katikati ya mtutu na mti. Ilipita bila kukwama popote. Nikaandika: "Silaha ni nzima. Kosa haliko kwenye silaha." Nikatia saini kwa madaha.

Afisa Michezo akasoma mbele yetu wote. "Koplo, umesikia. Ijumaa nakabidhi majina, na lako halimo."

Tumpe hakubisha. Akasema tu, "Sawa, afande," akatazama viganja vyake, akaondoka.

Jioni nikarudi kwangu Ibighi. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Nikasukuma mlango, haufunguki. Nikaupiga bega, wapi! Mke wangu akanipigia kelele toka ndani: "We baba Lusajo, utauvunja! Si umevimba na mvua? Uinue kidogo ndipo usukume. Kila masika tunaimba wimbo huo huo, na wewe umezaliwa hapa hapa!"

Ee Kyala, Mungu wangu! Nilisimama pale kizingitini. Mti unavimba! Mtoto yeyote wa Rungwe anajua, na mimi nimeipima bunduki kando ya jiko la mkaa! Sikulala vizuri. Furaha ilinishika na aibu ilinishika, sijui ipi ilitangulia.

Kulipokucha niliitoa bunduki ile nje, tupu, bolti imetolewa, nikaiweka kwenye manyunyu na kukaa nayo saa nzima, naloana nayo. Nikajaribu karatasi. Ikaingia kiasi cha vidole viwili, ikagoma! Nikapiga kelele peke yangu. Nikafungua skrubu na kuutenganisha mti na chuma. Nje ulipakwa vanishi ya kupendeza, lakini ndani, kwenye mfereji ambamo mtutu unalala, mti ulikuwa mtupu, haukuguswa na tone la mafuta. Ulikuwa unakunywa ukungu wa Tukuyu kama sifongo.

Nilikimbia, umri wangu ule, hadi ofisi ya Afisa Michezo. "Afande, nimekosea. Ni chuma. Yaani, ni mti! Si mkono."

Akaniangalia nilivyoloana. "Jana ulisaini."

"Jana nilisaini upuuzi, afande. Nipe mpaka Ijumaa asubuhi."

"Unajua nitakachofanya ukikosea mara ya pili?"

"Najua. Utanihamishia stoo ya sare."

"Sawasawa," akasema.

Siku mbili zile, nawaambieni, ndizo tamu kuliko zote katika kazi yangu! Nililizima jiko. Nikaupanua mfereji kwa msasa uliozungushiwa kijiti, taratibu, mpaka karatasi iliyokunjwa mara mbili ikapita. Pale chuma kinapokaa nikamimina gundi ngumu ili kitulie pahali pamoja. Mti nikaupaka mafuta ndani na nje, tabaka baada ya tabaka. Kisha nikamwita Tumpe, nikampima. Kitako kilikuwa kirefu kwake, kinamlazimisha kunyoosha shingo, nikakikata. Nikaongeza kipande cha mbao pale shavu linapolala. Alipoishika nikaona mabega yake yanashuka, hajikazi tena. Mimi nilikuwa napayuka: "Unaona! Unaona!" Yeye akairudisha mezani, akatazama viganja vyake.

Ijumaa ukungu ulishuka, baridi inauma. Nilifurahi kama mwendawazimu, maana ndiyo hali niliyoitaka. Tumpe akalala chini, akafyatua kumi. Afisa Michezo akaileta karatasi mwenyewe. Tundu zote kumi zilifunikwa na kiganja kimoja! Niliruka. Afisa Michezo akaandika jina lake mbele yetu, na mimi nikaandika ripoti ya pili: "Ripoti ya kwanza ina kosa. Kosa ni la fundi." Nikatia saini.

Alikwenda kwenye mashindano, akarudi na medali ya fedha. Tukuyu nzima nilimwonyesha kila mtu picha yake kwenye simu.

Huu ni mwaka wa pili tangu nistaafu. Siku ya kuniaga, kwenye ukumbi mdogo pale Bagamoyo, mtaa wa hapa hapa Tukuyu, Tumpe, sasa ni sajini na mkufunzi, aliombwa aseme neno. Akasimulia habari ya mti uliovimba, watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kisha akasema, "Lakini ile siku fundi aliposaini, mimi sikubisha, kwa sababu nilimwamini. Nilikwenda kwa mama nikamwambia mkono wangu umeharibika. Hata baada ya medali nimeutilia shaka mkono huu miaka na miaka."

Ukumbi ukapiga makofi. Mimi kicheko kilinikatika. Nilikuwa nimemwambia Afisa Michezo, nimeandika kwenye ripoti, nimewasimulia majirani zangu wote wa Ibighi. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwambia.

Nikasimama na sahani yangu mkononi. "Tumpe, mwanangu, mkono wako haukuwa na kosa hata siku moja. Nisamehe."

Akanipokea ile sahani. "Ndaga, asante, fundi," akasema. "Nilikuwa nalisubiri neno hilo."