Mchanga wa Bibi Lammigje

Kila Jumamosi asubuhi Lammigje Oosting alimwaga mchanga mweupe kwenye sakafu ya jiko lake, akauchora mawimbi kwa ncha ya ufagio. Sakafu yenyewe ilikuwa ya plastiki, inang'aa. Jumatatu aliufagia wote. Nimekaa nyumba ya pili kutoka kwake miaka kumi na tisa, na kila nilipomwuliza sababu alinijibu, "Futa viatu, jirani."

Mwaka 2004 mtaa wetu wa Schaapsveld, huku Drenthe, Uholanzi, ulitimiza miaka arobaini. Kwa kuwa nilisomea ualimu wa historia chuoni, kamati ilinipa kazi ya kuandika kijitabu. Mwenyekiti, Harm Brinkman, mpwa wa marehemu mume wa Lammigje, alikuwa ameshanitungia sentensi ya kwanza: "Kabla ya 1964 hapa palikuwa nyika tupu, vichaka na kondoo, bila mtu."

Nikampelekea Lammigje rasimu, maana alikuwa mpangaji wa kwanza kabisa. Mtaa mzima ulijua alivyokataa nyumba mbili nzuri za karibu na maduka, akang'ang'ania namba 31, inayoingia maji.

Alisoma ile sentensi akanirudishia karatasi. "Sawasawa. Hapakuwa na mtu."

Hakusoma zaidi, na hilo lilinisumbua. Kitabu cha historia ya mahali ulipoishi miaka arobaini, usifungue hata ukurasa wa pili?

Jumatano nikiwa naanika nguo nilimwona nyuma ya kibanda cha bustani yake akichimba. Miaka sabini na minane, na koleo mkononi! Nikaenda kumsaidia. Juu palikuwa na udongo mweusi, kama shubiri moja na nusu. Chini yake, mchanga mweupe kama chumvi.

"Kumbe unautoa hapa! Nani alikwambia upo?"

Alichota, akajaza ndoo. 

"Mama alichimba hapahapa."

"Si ulisema kwenu ni ng'ambo ya mfereji?"

"Ng'ambo tulihamishiwa, nikiwa na miaka minane. Walikuja watu wa serikali na kamba wakaivuta nyumba ikaanguka. Haikuchukua hata nusu saa. Nyumba ya mabonge ya udongo wenye nyasi, nusu imezama shimoni, mwanangu, itachukua muda gani?"

Akaniambia sakafu yao ilikuwa ardhi, na mama yake, ili isionekane ardhi, aliimwagia mchanga kila Jumamosi akachora mawimbi. Shuleni watoto walijiziba pua kwa harufu ya moshi uliokuwa kwenye nguo zake.

"Niandike?"

"Thubutu! Harm aje kusikia shangazi yake alizaliwa shimoni? Miaka arobaini na saba nimekaa na Egbert, sikumwambia."

Kijitabu kilitakiwa kwa mchapaji Ijumaa saa sita mchana. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala nikiigeuzageuza ile sentensi. Nikiiacha, nimeandika uongo nikijua. Nikiifuta, Harm atauliza.

Ijumaa nilipita kwa Lammigje kumwambia siwezi kuiacha. Nikamkuta Harm mezani, anakunywa kahawa, na chini ya miguu yake mchanga umekwisha kuchorwa. Siku ya Ijumaa. Sikuwahi kuona.

"Mwalimu, kazi imekwisha?" Harm akauliza.

"Haijaisha," akasema Lammigje. "Harm, futa ile sentensi yako."

"Ina kosa gani, shangazi?"

"Nimezaliwa hapo ulipoweka miguu."

Harm akainua miguu yote miwili juu kwa pamoja, kama aliyeambiwa kuna nyoka.

"Jikoni?"

"Kwenye nyumba ya udongo. Unaweza kushusha miguu, haing'ati."

Akaishusha polepole. "Baba yangu alijua?"

"Baba yako alikuwa akiturushia mawe tukitoka shule."

Harm akasogeza kikombe kando. Shingo yake ilikuwa nyekundu. "Na mjomba Egbert?"

"Egbert alikuwa naye. Aliokota, akayashika tu. Hakurusha." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Ndiyo maana aliponiposa nilikubali. Kama alinitambua, sijui. Sikumwuliza."

Nilitaka kuuliza mengi: walikuwa wangapi, walikula nini, mlango ulitazama wapi. Saa ilikuwa tano na nusu.

Harm akavuta karatasi yangu, akatoa kalamu ya mfukoni, akaikata sentensi yake mwenyewe kwa mstari mmoja. "Andika lililo kweli, Mwalimu," akasema bila kunitazama. "Baba yangu pia, ukitaka."

"Baba yako mwache alale," akasema Lammigje.

Nilitoka mbio kuchukua baiskeli. Jumanne iliyofuata Lammigje alifariki, kijitabu kingali kwa mchapaji. Siku ile ya Ijumaa alinifuata hadi kwenye uzio, mkono mmoja kwenye aproni, akaniita mtaa mzima ukisikia:

"Tulikuwa saba, andika saba! Na mbuzi usimsahau, alilala na sisi."