Chanjo ya Watu Wazima

Baba mkwe wangu alikuwa mwanajeshi wa ile serikali iliyoanguka, na katika mambo yote ya jeshini, lililomuudhi kuliko vita lilikuwa sindano. Alipenda kutusimulia jinsi walivyopangwa mstari alfajiri, mikono ya mashati imekunjwa, wakachomwa dawa ambazo hakuna aliyewaambia zilikuwa za nini. Ukiuliza, unachomwa mara ya pili. Siku moja alijificha chooni hadi adhuhuri. Walipompata wakamchoma humo humo.

Mwaka ule serikali hiyo ilipoanguka alitorokea Zaire pamoja na mama mkwe na watoto. Waliporudi kwetu Koboko, mimi nikiwa nimeshaolewa na mwanawe, alikuwa mkulima wa muhogo na ufuta, mtu mnyoofu, asiyependa deni wala uongo. Kisha akaanza kuvimba. Asubuhi uso, jioni miguu. Tulifikiri ni uzee, halafu tukafikiri ni mtu kamroga. Mwishowe mume wangu akampeleka hospitali moja mjini Arua, na daktari, mwanamke wa makamo aliyesema polepole, akatuambia figo zake zinashindwa kazi.

Mashine ya kuosha damu ilikuwapo, alisema, ila katika nchi za watu. Sisi tungeweza kumpa vidonge vya kumkojoza na kumnyima chumvi. Tena akaongeza neno ambalo mimi nililishika: mtu mwenye figo mbovu mwili wake hauna nguvu ya kupigana. Homa inayomlaza mwingine kitandani, huyu itamlaza kaburini. "Chanjo yoyote ikija huko kwenu," alisema, "mpelekeni."

Kiangazi kilichofuata ikaja homa ya uti wa mgongo. Ilipita na vumbi, kijiji kwa kijiji, na watu wakaacha kwenda matangani kwa kuogopa kukaa karibu karibu. Ndipo gari la afya likapita sokoni na kipaza sauti: chanjo bure, watu wote waje. Nilimtazama baba mkwe. Mzee aliyejificha chooni kuikwepa sindano alikuwa tayari anatafuta shati lenye mikono ya kukunjika.

Tulifika mapema. Alikataa kukaa kwenye kiti alichopewa. Alisema mstari ni mstari. Jua lilipanda, miguu yake ikaanza kujaa, naye akasimama vile vile kama anakaguliwa. Kijana aliyeongoza kazi, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri, akapita akiuliza, "Nani iko mugonjwa hapa?"

Mstari mzima ulinyamaza. Walikuwapo wa kifua, wa malaria, hata mmoja aliyekuwa akitetemeka. Baba mkwe akapiga hatua moja mbele.

"Mimi," akasema. "Figo."

"Toka kwa laini, mzee. Dawa hii iko ya watu wazima."

"Mimi iko mutu mzima. Iko na wajukuu."

"Mzima ya mwili, mzee. Wewe napona kwanza, halafu nakuja."

Nilijaribu kueleza maneno ya daktari. Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia dawa ni chache na haifai kupotea kwa mtu ambaye tayari anaharibika. Alilisema hilo bila ubaya wowote, kama mtu anayekueleza bei ya sabuni. Nyuma yetu alikuwa muuza nyama wa sokoni, mwenye shingo kama ya fahali wake, ambaye wiki iliyopita alikuwa ameshachanjwa Arua. Alisema amekuja kujiongezea. Akachomwa.

Tulipofika nyumbani mama mkwe akamuuliza imekuwaje, naye akajibu, "Nimeambiwa nipone, ndipo nizuiwe kuugua."

Siku chache baadaye tukasikia kikundi kingine cha chanjo kiko Dranya, si mbali na kwetu. Mume wangu akampakia babake kwenye baiskeli asubuhi, na mimi nikapata nafasi kwenye baiskeli ya shemeji. Ilikuwa saa ambayo uso wake huwa umejaa kabisa: mashavu yanang'aa, macho yamebaki mistari miwili. Nilijua hata kipofu angemwona kuwa ni mgonjwa.

Mchanjaji wa Dranya alikuwa mama mmoja mchangamfu. Alimwangalia mzee alivyosimama kiaskari, akatabasamu.

"Afande, wewe nakula vizuri. Wazee wa huku yote nakauka kwa hii jua, lakini wewe, ona hii mashavu."

Baba mkwe akanitazama. Hakuulizwa kama ni mgonjwa, na katika kanuni zake askari hujibu anachoulizwa. Mchanjaji akanigeukia mimi. "Nyinyi napatia yeye nini?"

"Chakula bila chumvi," nikasema.

"Iko vizuri sana," akasema, akamchoma. Hata akawaambia wanawake waliokuwa nyuma yetu wajifunze kutunza wakwe zao.

Basi ndivyo alivyochanjwa: kwa sababu ya kunenepa. Aliposema ukweli alifukuzwa; ugonjwa wenyewe ulipomsemea, ukaaminiwa.

Tuliporudi Arua kuchukua vidonge, daktari aliuliza habari ya chanjo nami nikamsimulia yote, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliinuka, akatuongoza hadi ofisi ya mkubwa wa mambo ya chanjo, akamwambia baba mkwe aseme mwenyewe.

Mzee alisimama wima mbele ya meza. "Jeshini, majeruhi nabebwa kwanza," alisema. "Huku kwenu majeruhi naambiwa angojee apone."

Mkubwa yule alijitetea kwamba hakuna amri popote iliyokataza wagonjwa wa figo. Daktari akamjibu kwamba hakuna pia iliyowataja, na palipo kimya kila mchanjaji anajitungia sheria yake. Walibishana kwa heshima nyingi na kwa muda mrefu, sisi tukiwa tumesahauliwa pale pale. Mwisho wakakubaliana: watu wa magonjwa ya muda mrefu watangulie, na wasioweza kutembea wafuatwe walipolala.

Kikundi kilirudi Koboko, kijana ni yule yule, koti ni lile lile. Baba mkwe alikwenda kushuhudia, ingawa yeye hakuwa na haki tena ya kuchomwa. Kijana alimsalimu vizuri, kisha akatangaza kwa kipaza sauti, "Wagonjwa mbele. Wazima nangoja."

Hapo Koboko nzima ikaugua. Watu waliokuja wakitembea walianza kuchechemea. Muuza nyama alijitokeza ameshika goti, akasema figo inamsumbua tangu jana. Baba mkwe alimtazama tu, akamwonyesha kwa kidole mwisho wa mstari, naye akaenda huko bila kuchechemea.

Lakini walikuwapo na wagonjwa wa kweli. Mwanamke mmoja wa Dranya, aliyevimba miguu kama mzee wetu, alikuwa ameletwa kwenye mkokoteni na shemeji zake na kuachwa kivulini, maana hawakuamini kwamba ataitwa. Akaitwa wa kwanza. Alipochomwa alilia, na mchanjaji akamwomba radhi akidhani amemuumiza.

Homa iliisha na mvua za kwanza. Haikuingia nyumbani kwetu. Baba mkwe aliishi hadi mavuno ya ufuta, kisha figo zikamaliza kazi yao zenyewe, pole pole, bila msaada wa ugonjwa mwingine. Watu wengine matangani walinong'ona kwamba chanjo haikumfaa kitu. Mama mkwe aliwasikia, akawaacha.

Yule mwanamke wa mkokoteni naye alikuja, safari hii kwa miguu, akipumzika njiani. Alikaa nasi jikoni akimenya muhogo. Nilimuuliza kwa nini alilia siku ile.

"Sindano haikuuma," akasema. "Tangu mimi nazaliwa, hakuna mutu alisema mimi natangulia."

Akachukua muhogo mwingine.